Simu Ilipotuita Wote Mferejini

Shamba la mama, kahawa ndani ya migomba, liko mwisho kabisa wa mfereji unaoshuka kutoka Mlima Meru. Tangu enzi za babu maji yalikwenda kwa zamu, na mzee wa mfereji ndiye aliyefungua. Alhamisi ilikuwa yetu. Hata jirani tuliyenuniana naye hakuthubutu kuigusa Alhamisi ya mama.

Kisha wakaja wataalamu na vijiti vya kupima unyevu wa udongo. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kila shamba lilichomekwa kijiti, kila simu ikaunganishwa. Mkutano ukaamua kwamba zamu zimepitwa na wakati; kuanzia sasa atamwagilia yule ambaye udongo wake umekauka. Mama alipiga vigelegele. Kahawa ile aliipanda na marehemu baba mwaka waliooana, na aliamini sasa imepata daktari wake.

Kiangazi kilipokolea, ujumbe ukaingia asubuhi: "Udongo umekauka. Mwagilia leo." Uliingia kwa kila mtu. Jua ni moja, mlima ni mmoja, mashamba yangekaukaje kwa zamu? Kijiji kizima kilitoka na majembe, kila mmoja akafungua maji upande wake. Wa juu walimwagilia. Sisi tulipata tope, na kesho yake hata tope hatukupata.

Nilimpigia mtaalamu. Akasema kipimo kiko sahihi kabisa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: kilikuwa sahihi.

Nikapanda kwa mzee wa mfereji, nikamwamkia, nikamwomba arudishe zamu. Alinitazama kwa huruma niliyoichukia.

"Marahaba, mwanangu. Zamu ikishavunjwa, nani tena atakubali kuwa wa kesho?"

Hakuna aliyekubali. Wa juu sasa wametega mabomba, na kamba hukatikia pabovu. Kahawa ya mama ilipukutisha majani, kisha matawi yakawa kuni. Mwaka huu aliikata mwenyewe kwa panga, hakutaka nimsaidie. Nililia nyuma ya zizi kama mtoto.

Kijiti kingali pale, kinakula jua na kutuma habari zake. Nikija kumsalimia mama kutoka mjini ninakoishi sasa, simu yake hulia tukinywa chai. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo.

"Wanasemaje?"

"Wanasema udongo umekauka, mama. Tumwagilie leo."

Huitazama ile ardhi tupu, anapuliza chai yake.

"Waambie tumesikia."