Swali la Tatu

Sikuvuka darasa la nne, na hilo silionei haya. Nilianza kwa kuanika dagaa wa watu Ujiji. Leo nina boti nne za uvuvi na ukumbi mjini Kigoma ambao hata wakubwa wa mkoa wanaukodi. Aibu yangu ni nyingine.

Siku moja ulifanyika humo mkutano wa wadau wa elimu. Maofisa walikaa meza kuu, mimi mwenye ukumbi mstari wa mbele. Nyuma kabisa alikaa mama mmoja wa Kagunga. Asubuhi mlangoni alinieleza kuwa shule ya kwao haina mwalimu wa hesabu tangu mwaka jana, barua zao hazijibiwi, na mwanawe yuko darasa la saba. Alitaka ofisa wa elimu aseme mbele za watu mwalimu anakuja lini. Akaniomba nimsaidie apate kipaza sauti. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hapa ni kwangu.

Hotuba zilikula muda. Mshereheshaji akatangaza maswali matatu tu. Mawili yakaenda. Kwa la tatu mama alinyoosha mkono. Mshereheshaji akanitazama mimi kwanza, kama ilivyo desturi kwa mwenye nyumba. Na mkono wangu, sijui niseme nini, ulikuwa juu.

Nilianza na itifaki, nikamalizia na boti zangu. Nikasimulia nilivyotoka mavumbini, nikaahidi madawati ishirini. Meza kuu ikapiga makofi. Mgeni rasmi akatazama saa, akafunga mkutano, meza kuu yote wakatokea mlango wa nyuma kwenda kula.

Mama alinikuta kwenye ngazi. Hakupandisha sauti.

"Kaka, hongera kwa madawati. Swali lako lilikuwa lipi?"

Sikuwa nalo. Nikamwambia asubiri hapo hapo, namfuata ofisa mwenyewe. Mimi naingia popote. Kweli niliingia. Nikamkuta ana sahani ya mgebuka, nikamweleza habari ya Kagunga. Alinisikiliza vizuri tu, akitoa miiba.

"Bosi wangu," akasema, "ungeuliza kule ukumbini ningelazimika kujibu. Hapa tunakula."

Akanisogezea kiti. Nikakaa, nikala.

Nilipotoka, mama alikuwa bado amesimama pale pale. Nikamwambia ofisa alishaondoka, sikumuwahi. Akanishukuru kwa kuhangaika, akajifunga kanga vizuri, akashuka kwenda kuwahi boti ya Kagunga.