Nyumba Ambayo Fundi Asukile Haingii

Saa moja asubuhi, umande umeganda mweupe kwenye nyasi za mteremko ulio juu ya Mbalizi. Fundi Asukile Mwaipopo anapiga randa ubao wa mti wa podo mbele ya nyumba mpya. Yuko karibu na mlango, lakini ameupa mgongo.

Mkewe, Marta, anatoka ndani akiwa na kopo la samli. Kopo jingine lenye samli hiyohiyo limelala katika nyumba ya zamani, ya udongo na mianzi, moto ukiwa umezimwa. Analichukua hilo pia na kuyaweka yote mawili kwenye meza ya kazi.

Asukile anachomeka kijiti kwenye kopo la nyumba ya zamani. Kijiti kinasimama wima. Anachomeka kingine kwenye kopo la nyumba mpya. Hicho kinainama taratibu mpaka kinalala.

“Lilikaa upande gani?” anauliza.

“Karibu na kichwa cha mtoto, kama ulivyosema.”

“Hukulisogeza kwenye chungu cha mawe ya moto?”

“Baba Lutengano, nilisogeze ili iweje? Samli niidanganye mimi?”

Fundi anafuta vijiti vyake kwa kitambaa na kurudi kwenye randa. Hajaingia katika nyumba hiyo tangu ilipoezekwa, wala hataingia. Ni nyumba ya Atuganile, mke wa mwanawe.

Kwa desturi ya Wanyakyusa, ambao Asukile ni mmoja wao, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawasemezani. Akisikia hatua za mkwe wake njiani, mwanamke huingia vichakani au hugeuka na kujifunika mpaka apite. Jina lake halitamki. Hakuna ugomvi kati yao. Heshima yenyewe ndiyo hiyo.

“Simwogopi,” anasema Atuganile, akiwa nyuma ya nyumba, mtoto wake Gideoni amelala mgongoni. “Mtu unayemwogopa unamkimbia ukiwa peke yako. Huyu namwachia njia hata watu wakiwepo.”

Mumewe, Lutengano, yuko kwenye machimbo ya shaba Rhodesia ya Kaskazini. Fedha alizotuma ndizo zilizonunua mbao. Sababu ya kuzinunua ni watoto wawili wa Atuganile waliotangulia. Wote walikufa kwa kichomi, kila mmoja katika Julai yake, kabla ya kutimiza mwaka. Katika nyumba ya zamani, moto ukiwaka kifua cha mtoto kilijaa moshi, na ukizimwa baridi ilipenya kwenye mianzi. Majeneza yote mawili aliyatengeneza Asukile.

Gideoni alizaliwa Machi mwaka huu wa 1957. Asukile alianza kupima kiwanja wiki ileile.

Maarifa aliyoyatumia aliyapata Mbeya, alipokuwa seremala wa kibarua kwenye ujenzi wa chumba cha kuhifadhia nyama. Kuta zake zilikuwa za tabaka tatu: mbao nje, mbao ndani, na katikati magome mepesi yaliyosagwa na kugandamizwa. Wenzake walistaajabia ubaridi wa chumba. Asukile alishika ukuta kwa nje.

“Nyama ndani inatoa moshi wa barafu, lakini mbao za nje ni vuguvugu kwa jua,” anasema. “Nikaona kumbe baridi haivuki. Sasa kama haivuki kutoka, itavukaje kuingia?”

Magome ya namna ile hakuwa nayo. Alikuwa na maranda, yale makombo ya mbao yanayomwagika chini ya randa kila siku. Akayakausha, akayachanganya na majivu na mabua ya pareto yaliyotwangwa ili wadudu wasikae. Alitengeneza vipande vya ukuta vya futi nane kwa nne, vikiwa vimelala chini: fremu, safu ya mbao, maranda yaliyoshindiliwa, kisha safu ya pili iliyobanwa kwa gundi na misumari. Ukingo wa juu tu ndio uliobaki wazi, ukisubiri boriti ya kubebea paa. Vipande vikasimamishwa juu ya msingi wa mawe na kuunganishwa pembeni. Nyumba haina nguzo hata moja. Kuta zenyewe ndizo nguzo.

Majirani hawakupendezwa. Jailos, Msafwa anayelima jirani, alipita wakati vipande vinne vimelazwa uani.

“Fundi, na hili jeneza ni la ukoo gani? Maana hapa wanaingia mtu na ng'ombe wake.”

Asukile aliendelea kupigilia msumari mpaka ukaisha. “Majeneza najua kuyapima, Jailos,” alimjibu. “Hili nalipima ili nisiyapime tena.”

Jailos anasema hakurudia mzaha huo. Siku ya kusimamisha kuta alikuja bila kuitwa.

Kazi iligawanywa na Marta. Asukile alifanya kazi nje ya kuta asubuhi. Mchana alikwenda msituni kutazama wapasuaji mbao, na hapo ndipo Atuganile aliingia kuziba nyufa kwa udongo uliochanganywa na samadi. Fundi akikaribia kurudi, Marta aliita jina la mbuzi ambaye hawakuwa naye, na Atuganile alitoka.

“Mbuzi huyo aliitwa Kasisi,” anasema Marta. “Mchungaji alinikuta naita, akaniuliza nimepoteza nini. Nikasema, bado sijapoteza kitu, Mungu ni mwema.”

Mwishoni mwa Mei Marta alikwenda msibani Mbeya. Hapakuwa na wa kumwita mbuzi.

Siku hiyo wapasuaji mbao hawakuwa na kazi, na Asukile alirudi mapema. Alihamishia meza yake mbele ya mlango wa nyumba, kwa kuwa mahali pale upepo haufiki, na kuanza kuchonga boriti ya juu. Alikuwa akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Atuganile alikuwa ndani na mtoto mgongoni. Mlango ulikuwa mmoja. Dirisha lilikuwa dogo, na lilitazama upande huohuo wa mlango.

“Nilikaa chini,” anasema Atuganile. “Nikajua atachoka, atakwenda kula. Hakuchoka. Mimi ndiye niliyechoka. Maji sina, na mtoto ananinyonya tu.”

Ili mtoto asilie alimbeba huku akitembea kando ya ukuta, kiganja kikipita kwenye mbao. Chini ukuta ulikuwa na uvuguvugu wa jua la mchana. Usawa wa kichwa chake palikuwa baridi. Aligonga kwa kidole. Chini sauti ilikuwa nzito, kama ya gunia lililojaa. Juu ililia kama ngoma. Alijaribu ukuta wa pili na wa tatu. Zote zilikuwa hivyohivyo.

Baada ya vipande kusimamishwa, maranda yalikuwa yameshuka kwa uzito wake. Machache yalikwama kwenye ukingo wa juu kama kizibo. Fundi alikuwa amechungulia kwa juu, akaona pamejaa. Chini ya kizibo hicho palikuwa patupu. Boriti ikishagundishwa na kupigiliwa, pasingefunguka tena bila kubomoa, na baridi ya Julai ingeingia hapohapo.

Kisha akamsikia Jailos akipita na kusalimia, na Asukile akimjibu: “Leo nafunga juu.”

Ngazi iliegemezwa ukutani. Nyumba haikuwa na paa. Akipanda, angemwona.

Atuganile aligeukia mbao, akasema: “Ukuta, usikubali kufungwa. Juu uko mtupu.”

Asukile anasema alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Aliushusha. Akasema, naye akiutazama ubao ulio mbele yake: “Ubao, mtupu wapi?”

Ndani paligongwa. Sauti ilianzia kona ya mlango, ikazunguka nyumba nzima. Asukile aliifuata kwa nje na kipande cha mkaa, akichora mstari pale sauti ilipobadilika. Mtu mmoja ndani, mmoja nje, ukuta katikati. Mstari huo bado unaonekana kwenye mbao.

“Ubao,” akauliza tena waliporudi walikoanzia, “uliingia saa ngapi?”

“Kabla ya mluzi,” ukuta ukajibu.

Fundi alichukua shoka lake, akashuka bondeni, akikohoa kwa nguvu kila hatua ili asikike anavyokwenda mbali. Atuganile alitoka, akanywa maji, akaenda jikoni.

Marta aliporudi na kuambiwa, alikaa kwenye kinu na kucheka mpaka kitenge kikamfunguka. Halafu akamuuliza mumewe kama wamesemezana.

“Mimi nimesema na ubao.”

“Na yeye?”

“Yeye alisema na ukuta. Muulize ukuta.”

Kujaza upya hakukuwa kazi ngumu. Maranda yaliongezwa kutoka juu, yakashindiliwa kwa mti mrefu, yakaachwa yashuke, yakaongezwa tena. Kazi ngumu ilikuwa ya pili. Asukile alipima mlango kwenye ukuta wa nyuma, kwenye kipande alichokiona kizuri kuliko vyote, akakikata kwa msumeno. Maranda yalimwagika miguuni pake.

“Kila tundu ni njia ya baridi, na nyumba ile nilikuwa nimeifunga vizuri,” anasema. “Lakini nilipima upepo, nikapima jua, nikasahau kwamba anayekaa humo ni mkwe wangu. Nyumba ambayo mwenyewe hawezi kutoka nikiwepo, hiyo siyo nyumba. Ni mtego.”

Mlango wa nyuma nao ameutengeneza wa tabaka tatu, na kingo zake amezivika ngozi ya kondoo. Boriti ilipigiliwa wiki iliyofuata. Nyumba iliezekwa katikati ya Juni. Jioni Atuganile huingiza chungu chenye mawe yaliyopashwa moto jikoni. Humo ndani moto hauwashwi, na moshi haujawahi kuingia.

Julai sasa inakwisha. Gideoni alipata mafua mara moja, yakapita. Kichomi hakijampata. Asukile, akiulizwa kama nyumba ndiyo iliyomkinga, hajibu moja kwa moja. “Samli imelainika,” anasema. “Hilo nimeliona kwa macho. Mengine mwulize Mungu.”

Asubuhi hii, kabla jua halijafika uani, mgeni anapanda mteremko kutoka barabarani. Ni Liberatus Kalinga, mkulima wa pareto wa Igowole, Mufindi, aliyekuja na lori la mizigo. Habari za nyumba ya maranda amezipata kwa madereva. Koti lake amelifunga vifungo mpaka shingoni.

“Shikamoo, fundi. Naweza kuingia nione?”

“Marahaba. Ingia na mama. Mimi huko ndani sijui kukoje.”

Liberatus anamtazama kama mtu aliyefanyiwa mzaha, kisha anamfuata Marta. Sauti zao zinasikika kwa mbali kupitia ukutani, maneno hayashikiki. Anapotoka, koti liko mkononi.

“Nijengee kama hii,” anasema. “Igowole baridi yake si ya kusimuliwa. Mbao ninazo.”

“Atakaa nani?”

“Mama mkwe wangu. Ni mzee, kifua kinamsumbua. Nataka nimweke uani kwangu.”

Randa ya Asukile inasimama katikati ya ubao.

“Huko kwenu, wewe na mama mkwe mnaonana?”

“Ah, fundi!” Liberatus anacheka, kisha anaona kwamba mwenzake hacheki. “Mkwe wangu nimwoneje?”

Asukile anapuliza maranda ubaoni na kuokota kipande cha mkaa. Anachora mstatili mkubwa. Kabla ya dirisha na kabla ya paa, anaweka alama ya mlango mbele, na ya mwingine nyuma.