Mstari wa Mwisho wa Barua ya Benki

Nyumba yetu ilipotangazwa kuuzwa kwa mnada, mtaa mzima pale Shinyanga ulijua sababu, isipokuwa sisi tuliokuwa tunalala ndani yake.

Mama muuza mkaa, ambaye alipanga madebe yake mkabala na mlango wetu, alijua kwamba baba ana mke mwingine kule Geita. Fundi baiskeli wa kona alijua kwamba ni pombe. Wengine walijua kwamba baba alipewa masharti na mganga huko machimboni, akayavunja, na dhahabu ikamkimbia. Niliyasikia yote hayo bombani, ndoo ikijaa taratibu na wasemaji wakipunguza sauti waliponiona.

Pombe? Baba hakunywa hata soda, alisema inamjaza gesi. Mke mwingine? Alimwogopa hata huyu mmoja aliyekuwa naye.

Ukweli ulikuwa mdogo kiasi kwamba hakuna aliyeutaka. Baba alikuwa na karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, huko kwenye machimbo upande wa Geita. Wachimbaji walimletea mawe kwenye viroba, anasaga, wanamlipa kwa kila kiroba. Mashine ile aliinunua kwa mkopo, na hati ya nyumba ikabaki benki. Mama naye aliitwa kukubali, akaweka dole gumba. Siku hiyo mimi ndiye niliyeshangilia kuliko wote, maana baba alikuwa ameniahidi chumba cha mbele. Alishatoboa dirisha kubwa upande wa barabara, kiwe fremu yangu ya biashara ya ushonaji. Nilishachora kibao chake kwenye daftari. Nilishachagua rangi ya mlango, bluu, kama ya sare za shule ya msingi niliyosoma. Cherehani sikuwa nayo, lakini hilo halikunisumbua hata kidogo. Mimi ndivyo nilivyo, naanza na pazia, nyumba itafuata.

Mwaka wa kwanza karasha ilinguruma. Halafu ikatokea rashi mpya porini, dhahabu imeonekana mahali pengine, na ndani ya wiki moja wachimbaji walibeba masufuria na magodoro yao wakahamia huko. Karasha ikabaki imekaa kama dume la kulimia wakati wa kiangazi. Mwezi uleule mama akashikwa na tumbo, akapelekwa Mwanza kufanyiwa upasuaji. Rejesho la mwezi ule likaishia hospitali. Na la mwezi uliofuata.

Basi. Hicho ndicho kisa chote. Mawe yaliisha na mama aliugua.

Barua za benki zilianza kuja. Baba aliishia darasa la nne na macho yake yalikuwa yameshachoka na vumbi la mawe, kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi. Kidato cha nne nilipata sifuri, lakini nyumbani kwetu nilikuwa profesa. Nilikaa kwenye kiti, baba kwenye kigoda, mama kitandani mlango ukiwa wazi ili asikie.

"Soma, mayu," baba akasema. Aliniita hivyo, mama kwa Kisukuma, tangu nilipokuwa mdogo. "Wanasemaje?"

Nilisoma kwanza kimya, halafu nikamwambia kwa kifupi, maana barua ile ilikuwa na maneno mazito.

"Wanasema una siku sitini, baba. Zikiisha hujalipa, wanauza nyumba."

"Na nini kingine?"

"Ni hayo tu."

Si kweli kwamba ni hayo tu. Chini kabisa, kabla ya sahihi, kulikuwa na mstari: *Unashauriwa kufika ofisini kwetu kwa mazungumzo kabla ya muda huo kuisha.* Niliuona. Lakini shuleni mwalimu alitufundisha kwamba barua ya kiofisi moyo wake uko katikati, na mwisho ni heshima tu, kama kumpungia mtu mkono. Nikauchukulia hivyo. Nikaikunja barua nikaiweka kwenye mfuko wa rambo pamoja na kadi za kliniki.

Baba akasema, "Kama wameshaamua, wameshaamua. Nitatafuta. Nikipata, nitawaendea."

Hapo ndipo kosa letu lilipojichimbia. Kwetu, mtu mwenye deni haendi kwa anayemdai akiwa mikono mitupu. Nilipokuwa mtoto, ng'ombe wetu walikufa kwa ukame, na baba akawa na deni la dume kwa mzee wa kijiji cha pili. Msimu mzima alizunguka kwa njia ya mbali ili asipite mbele ya boma lake. Pamba ilipouzwa, alikwenda na deni lote pamoja na jogoo juu yake. Yule mzee alimkumbatia. Alielewa kwamba kumkwepa kule ilikuwa adabu, kwamba baba alikuwa anaona aibu kama mtu mzima anavyopaswa kuona aibu.

Benki nayo baba aliizunguka kwa njia ya mbali. Zikaja barua nyingine mbili, nikamsomea kwa kifupi vilevile. Tukienda sokoni tulipita mtaa wa nyuma ili tusitokee mbele ya ofisi zao. Simu yao ikiita, aliitazama mpaka ikakata, kwa heshima zote. Na wao kule, nadhani, waliandika kwamba mteja amekimbia.

Gari la matangazo lilipopita mtaani na kipaza sauti, likitaja nyumba yetu kwa idadi ya vyumba, nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda benki bila kumwambia mtu. Ofisa wa mikopo alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Kaa."

Nilieleza. Karasha, rashi, tumbo la mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunatafuta hela, mama. Baba hakutaka kuja mikono mitupu."

"Nani alimwambia aje na hela? Angekuja na maneno haya haya uliyoniambia. Tungempangia upya, alipe kidogokidogo mpaka mama yako apone. Au tungemwambia auze ile mashine." Akafungua jalada, akaligeuza upande wangu. "Barua tatu hizi. Zote tumemwita. Hamkusoma?"

Niliutazama mstari ule wa mwisho, mara tatu, kwenye karatasi tatu.

"Mtaani wanasema mlikuwa mnaitaka nyumba," nikasema, sijui kwa nini.

"Nyumba nitaiweka wapi, mwanangu? Mimi nataka marejesho." Sauti yake haikuwa kali, na hilo ndilo lililonivunja. "Sasa iko kwa dalali. Imeshatoka mezani kwangu."

Mnada ulifanyika asubuhi, uani kwetu, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Walikuja watazamaji wengi kuliko wanunuzi. Mwanamume mmoja alipiga dirisha langu kubwa kwa kiganja, akamwambia mwenzake, "Hapa panafaa duka la simu." Ikauzwa mapema, kabla mama hajamaliza uji wake.

Siku ya kuhama, mama muuza mkaa aliacha madebe yake akaja kutubebea godoro. Alilibeba kichwani peke yake mpaka kwenye guta la magurudumu matatu tulilokodi kubeba mizigo. Halafu akanivuta pembeni.

"Mwambie baba yako arudi kwa yule mganga wamalizane. Mtakosa na nguo za kuvaa."

"Mama, hakuna mganga."

"Haya, mtetee baba yako vivyo hivyo," akasema, akanifuta machozi kwa kona ya kanga yake yenye vumbi la mkaa. Niliondoka mtaani kwetu na uso mweusi.

Sasa tumepanga vyumba viwili karibu na reli. Nashonea barazani kwa cherehani ya kuazima. Mama anatembea, ameshanenepa kidogo. Bado nachora vibao, siwezi kujizuia.

Juzi nilikuwa napinda gauni la mteja, baba ameketi kando yangu. Nikamwambia nina kitu cha kumsomea. Nilitoa barua kwenye mfuko wa rambo, nikaisoma yote, tangu tarehe mpaka sahihi, kama nilivyopaswa kuisoma mara ya kwanza. Nilipofika kwenye mstari ule wa mwisho, nikausoma polepole.

"Huo mstari ulikuwapo tangu barua ya kwanza?" baba akauliza.

"Ndiyo, baba."

Treni ya mizigo ya kutoka Isaka ilikuwa inapita. Alisubiri mpaka behewa la mwisho.

"Hata ungenisomea, nisingeenda. Unanijua nilivyo."

Sijui kama ilikuwa kweli. Ningetaka sana kujua. Alisema hivyo akitazama reli, na sauti yake ilikuwa ileile aliyotumia kumwambia mama, kule Mwanza, kwamba upasuaji hauumi.

"Usilie, mayu," akasema. "Utaharibu kitambaa cha watu."

Nikakisogeza kitambaa pembeni.