Amri Nyekundu, Taa ya Kijani

Harufu ya risasi ya kuungia nyaya ikiyeyushwa kwa chuma cha moto, kali na yenye utamu wa ulimbo ndani yake, ndiyo iliyotuambia kwamba mpangaji mpya yumo chumbani. Madirisha yake yalifungwa mchana kutwa, katika joto la mtaa wetu wa Muyeye ambalo humtoa hata mjusi ukutani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, katikati ya miaka ya themanini, na uani petu kila jambo lilifanywa wazi: kukuna nazi, kusukana nywele, hata kugombana. Mtu aliyejifungia alikuwa na lake. Kupitia ufa wa mlango tuliona vitaa vikiwaka, vingine vyekundu vingine vya kijani, tukasikia vidole vikigonga, kisha kitu kikalia tik. Mama Salome, aliyeuza mahamri upenuni, aliapa kuwa bwana yule anapeleka habari ng'ambo. Wengine walisema anafuga jini. Baba yangu, seremala aliyehamia Malindi kutoka Kaloleni na aliyekuwa mzee wa mtaa, hakusadiki jini wala ujasusi. Hakumsadiki mtu yule tu. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema, na Jumamosi moja asubuhi akanishika mkono tukaenda kubisha. Alinichukua kwa sababu macho yake na herufi havikupatana.

Aliyefungua alikuwa mwembamba, shati limefungwa hadi shingoni. Alijitambulisha kuwa Fundi Wekesa, wa bara. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kututazama. Juu ya meza palikuwa na reli iliyozunguka kama bangili, gari moshi la kuchezea, na mlingoti mfupi wenye taa. Kando yake palikuwa na televisheni ndogo iliyounganishwa na kompyuta, ya kwanza maishani mwangu. Vyote alivinunua kwa mzungu aliyekuwa akifunga hoteli yake. Akagonga kwenye vitufe TAA NYEKUNDU. Kioo cha televisheni kikaandika NYEKUNDU, na taa ikatii.

"Mtu mzima unajifungia na mchezo wa watoto?" Baba akauliza.

Ndipo akatueleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Alikuwa mwangalizi wa taa katika kiwanda kimoja cha bara kilichokuwa na reli yake. Siku moja ya mvua alibonyeza nyekundu ili kuzuia magari barabarani gari moshi lipite. Mezani pake ikaonekana nyekundu. Kule barabarani madereva waliona kijani. Lori likaingia njiani, na watu wawili wakafa. Yeye akaitwa mzembe, akafukuzwa. Waya uliokwenda kwenye taa ile ulikuwa umechunika ngozi, na yeye aliamini maji ya mvua ndiyo yaliyoipotosha amri; alikuwa na kipande chake. Sasa kompyuta ilishika nafasi ya meza yake ya kazi, na ule waya aliuunga kwenye mlingoti.

Baba akatikisa kichwa. "Mashine umeipanga wewe. Itasema utakalo. Njia ya mwongo ni fupi, bwana. Toka nje, tukae wote wawili uani. Binti yangu Kadzo ataandika amri."

Nilibaki peke yangu mbele ya vitufe. Nilimshuku Fundi kama Baba alivyomshuku; nilichungulia chini ya meza nikitafuta uzi wa siri. Niliandika amri, na kila mara taa ilipobadilika nilitaja rangi kwa sauti. Mara ishirini taa ilitii. Kisha, kama Fundi alivyoniagiza, nikauzungushia ule waya kitambaa kilicholowa maji, nikaendelea. Kijani, ikatii. Nikaandika nyekundu, kioo kikaandika NYEKUNDU. Nikaitazama taa. Nikaitazama tena.

"Kadzo! Rangi gani?"

"Kijani, Baba! Imeandika nyekundu lakini ni kijani!"

Nilipotoka, Fundi Wekesa alikuwa ameketi mchangani, uso viganjani, akilia mbele ya wanawake wote wa uani. Baba aliingia ndani, akapindua meza na kuipapasa yote kwa vidole vyake vya useremala. "Sijaona hila," alisema aliporudi. "Sikusema haipo." Hata hivyo alinifanya niandike tulichokishuhudia katika daftari langu la hesabu, akatia alama ya kidole gumba chake.

Fundi alisafiri na daftari lile hadi kile kiwanda cha bara. Aliporudi baada ya miezi kufungasha vitu vyake, Baba alimuuliza kama wamemsafisha jina. "Hapana," akajibu. "Barua hawakunipa. Lakini wamebadilisha waya wote." "Mtu habadilishi waya usio na kasoro," Baba akasema, na kwa mara ya kwanza akamwita ndugu. Hatukumwona tena.

Leo mimi ni muuguzi, na nimezungukwa na vioo vinavyoandika. Enzi zile tulimshuku mtu kwa kuwa ana mashine. Siku hizi tunaiamini mashine na kumshuku mtu. Sijui lipi ni bora. Juzi mgonjwa alilalamika kwamba moyo unamwenda mbio, na kijana ninayemfundisha akaja kuniambia, "Sista, huyu anajidekeza. Mashine imeandika yuko sawa."

"Na yeye mwenyewe," nikamuuliza, "umemshika mkono ukahesabu mapigo?"

Alikuwa hajamshika.