Mama Kahongya na Mbuzi wa Kumi na Nne

Msiniambie kwamba simu hutenganisha watu. Mimi Jemima niliozwa na simu mbili zilizolala meza moja pale Bungulu, kwa Mama Kahongya, ambaye huchaji simu za mtaa mzima kwa sola yake na kuwajibia meseji wale walioshindwa na herufi ndogo.

Baba yangu, Stanislas, alikuwa amempa mchumba wangu Phinées hadi Jumamosi jioni: mbuzi kumi na wanne wa mahari, ama niolewe na mnunuzi mmoja wa kakao ambaye hucheka peke yake. Phinées ana pikipiki ya abiria, na mbuzi alikuwa nao kumi na watatu tu.

Jumamosi hiyo Baba aliacha simu kwa Mama Kahongya, akamwagiza amjibu yule kijana na asipunguze kitu, kisha akaenda shambani. Baada ya nusu saa Phinées naye akaacha yake, akaomba ambembelezee mzee, akampakia abiria wa Butembo. Hakuna aliyejua habari za mwenzake. Mama Kahongya alijua, lakini kazi ni kazi.

Kwa simu ya Phinées aliomba. Kwa simu ya Baba akakataa. Akaomba tena, kwa heshima zaidi. Akajikatalia kwa ukali hadi akaudhika, akasusa kujijibu saa nzima. Nilimkuta akimsema Baba kwa uchoyo huku ameishika simu ya Baba. Mwishowe Phinées, kwa vidole vya Mama Kahongya, aliandika maneno matamu mno juu yangu. Mama Kahongya aliyasoma, akafuta machozi, akakubali kumi na watatu.

Jioni Baba akasomewa yote.

"Nilikuambiaka kumi na ine," akasema. "Nani aliniomba nipunguze?"

"Ni mimi, Papa Jemima."

"Na nani aliitika?"

"Njo mimi tena."

Baba akaichomoa simu yake kwenye chaji. Neno lilikuwa limeshatoka kwenye simu yake, na yeye si mtu wa kurudisha neno.

"Donc, ile ya kumi na ine itatoka kwako," akamwambia.

Siku ya mahari, ndugu za Phinées walileta mbuzi kumi na watatu. Nyuma yao alikuja Mama Kahongya akimvuta wake, akinung'unika njia nzima kwamba Baba ni mchoyo. Hakuwa na mbuzi mwingine. Nililia mbele ya wageni wote, na sioni haya kusema.