Wingu la Mélanie

Saa moja na nusu jioni umeme unakatika Kadutu, na mtaa mzima unaguna. Papa Polycarpe Zagabe peke yake anachekelea. Anaburuta darubini yake hadi barazani na kuielekeza juu, karibu na nyota ya Rigel.

"Batu banalia courant," anasema. "Mimi saa yangu njo hii."

Zagabe, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, ni fundi miwani. Kwa miaka thelathini na minne amesugua lenzi sokoni, siku nyingine akiuza jozi mbili tu za miwani tangu asubuhi. Darubini aliiunda mwenyewe kwa bomba la maji na kioo alichopewa na padri aliyemfundisha fizikia.

Zamani hakutazama peke yake. Mkewe, Mélanie, alikuwa akipika maharage hapo hapo barazani kwa mbabula, jiko la makaa, daftari likiwa mapajani. Zagabe akitaja nyota, yeye alichora.

Jioni moja ya Februari 2009, Mélanie aliinama kwenye darubini, akasema kuna nyota ndogo imevaa ukungu.

"Nikamuambia: Maman, ile iko moshi ya mbabula yako, inachafula kioo. Zimisha! Akazimisha. Tukakula maharage haijaiva." Anacheka, kisha anafuta macho. "Lakini alichora. Alikuwa kichwa nguvu, Mélanie."

Chini ya mchoro ule Zagabe aliandika neno moja: moshi. Kwa fundi miwani, kila ukungu ni uchafu wa kioo.

Mélanie alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwezi jana Charlène, mwalimu wa fizikia chuo kikuu na mteja wa Zagabe, alilifunua daftari lile akashtuka. Mchoro ulilingana na ramani yake ya nyota: NGC 1788, wingu la vumbi lisilo na mwanga wake, linaloonekana kwa kuwa nyota ya karibu inalimulika. Ni wachache wanaojisumbua kulitafuta.

Leo Charlène yuko barazani. Zagabe anataka kujua kama alimkosea mkewe, na anaogopa kujua.

"Papa, anza na nyota ya pembeni," Charlène anamwambia. "Kama iko moshi, nayo itakuwa na ukungu."

Ya pembeni ni safi. Zagabe anarudi kwa ile ndogo: ukungu upo. Anafuta kioo cha kutazamia kwa kitambaa anachofutia lenzi sokoni, anainama tena. Bado upo, mwepesi, umeizunguka nyota kama alivyouchora Mélanie.

Umeme unarudi, mtaa unashangilia. Kwa mwanga wa taa Zagabe haoni tena kitu angani, lakini hajali. Anaomba kalamu, analikata kwa mstari lile neno moshi daftarini.

Jumapili atapanda gari hadi Nyangezi, alikozikwa Mélanie, na daftari mkononi.

"Nitamuambia: Maman, haikukuwa moshi," anasema. "Unisamehe ya ile maharage."