Chumvi ya Mzee Wangu

Mara ya kwanza waliponirudisha nyumbani nilikuwa tayari nimevaa lile gauni la kijani linalofungwa mgongoni, na juu ya jicho la kulia nimebandikwa plasta ili daktari asije akakosea jicho. Nilikuwa kwenye benchi la hospitali ya macho mjini Nakuru pamoja na wazee wenzangu, wote kimya kama watoto wanaongoja sindano. Sista akaja na mashine ya presha. Akanifunga mkono wa kushoto, kisha akafunga wa kulia.

"Shosho, leo hatutakufanyia," alisema. "Presha yako iko mia moja tisini kwa mia moja na kumi."

"Lakini mimi siumwi na kitu."

"Ndio hivyo. Presha haiumi. Lakini tukipasua jicho ikiwa hivyo, linaweza kuvuja damu ndani ulipoteze kabisa. Enda uishushe, halafu urudi."

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi. Sikuzoea kurudishwa nyumbani, mimi ndiye niliyekuwa nikirudisha watu. Nilivua lile gauni kwa hasira mpaka kamba moja ikakatika, nikatoka nje huku plasta bado iko usoni.

Mtoto wa jicho alikuwa amenishika macho yote mawili. Mwanzoni nilidhani miwani ni chafu, nikawa naifuta kutwa nzima kwa pindo la leso. Baadaye vitabu vikaniaga, kisha mishono, kisha nyuso za watu. Mume wangu alikuwa amebaki kivuli chenye kofia, na nilimtambua kwa kukohoa kwake na kwa harufu ya sabuni. Kwa karibu miaka miwili sikuwa nimeuona uso wake, ingawa tulikuwa tukila meza moja kila siku.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani Kabazi, nilishika kifundo cha mkono wangu na kusikiliza ule mpigo mdogo. Sikuwa na kizunguzungu wala kichwa kuuma. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimepalilia mistari sita ya maharagwe kwa kupapasa. Nilistaajabu sana, staajabu yenye hofu ndani yake. Kumbe kuna kitu kinasukuma ndani yangu kwa nguvu za kuweza kunipofusha, na mimi mwenye nyumba sijakisikia kikibisha.

Mganga wa zahanati yetu alinipa kidonge cha kila asubuhi na masharti. Chumvi itoke, mafuta yapungue, mboga za majani ziongezeke, nitembee kila siku, na nisiache kidonge hata nikijisikia mzima. Majirani nao wakaleta yao. Mmoja alikuja na kitunguu saumu, mwingine na majani ya mparachichi ya kuchemsha, na wa tatu akaniambia niachane na dawa za hospitali kwa sababu vitu vya asili havina madhara. Kitunguu saumu nilikitia kwenye mboga. Majani nilimshukuru mwenyewe, nikayatupa. Huyo wa tatu nilimpa chai na nikabadilisha mazungumzo.

Wakati huo jikoni kulikuwa na mpishi mpya. Mimi nilikuwa nimeshaungua mkono mara mbili kwa kushika sufuria nisiyoiona, kwa hiyo mzee wangu akaamua kuingia mwenyewe. Huyu ni mtu aliyetumia ujana wake kutengeneza matrekta ya mashamba ya ngano kule Mau Narok, na katika miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kupika zaidi ya chai. Alipika kama anayefungua injini. Alipanga vyombo vyote mezani kwanza, akaniuliza kila kimoja ni cha kazi gani, na ugali wake wa kwanza ungeweza kuziba tundu la ukuta. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango nikitoa maagizo. Nikiri kwamba nilifurahia sana.

Sasa, mzee wangu na chumvi walikuwa hawaachani. Tangu anioe nilimwona akikinyunyizia chakula kabla hajakionja, jambo lililonikera kila siku ya ndoa yetu. Parachichi alilila kwa chumvi. Embe kwa chumvi. Hata ndizi mbivu nimewahi kumfumania nayo, kopo la chumvi mkononi. Basi mganga aliposema chumvi itoke, nilimhurumia yeye kuliko nilivyojihurumia. Nikatoa amri. Chakula kitapikwa bila chumvi, lakini yeye atanunua kipakiti chake, kikae kwenye rafu karibu na meza, ajinyunyizie kwenye sahani yake.

"Ugonjwa ni wangu," nilimwambia. "Sitaki unifanye nijione kama nakunyima."

"Sawa," alisema.

"Na usipoweka, mimi pia sili."

"Nimesema sawa, mama."

Jioni hiyo tulipoketi nilimwuliza, "Umeweka chumvi yako?"

"Nimeweka."

Toka siku hiyo sikushika kijiko kabla ya kuuliza, naye hakukosa kujibu.

Wiki za kwanza chakula kilikuwa adhabu. Kabichi ilikuwa maji, maharagwe yalikuwa udongo, na nilikuwa nikimeza haraka ili yapite. Halafu siku moja, kama mwezi hivi tangu tuanze, aliniwekea kiazi cha kuchemsha mkononi, kimoja tu, bila kitu. Nilikiuma nikaacha kutafuna. Kilikuwa kitamu. Kilikuwa na utamu wake chenyewe, na ndani ya huo utamu mlikuwa na kitu kama harufu ya shamba baada ya mvua. Nimelima viazi tangu utotoni na sikuwahi kujua kiazi kina ladha gani. Nilikaa pale nikilia kwa sababu ya kiazi. Mzee alidhani kimeniunguza, akanikimbilia na maji.

Na asubuhi tulitembea. Yeye alishika ncha moja ya fimbo, mimi nyingine, tukapanda polepole hadi pale ardhi inapokatika na bonde la Subukia linapoanza. Mara za kwanza nilipumzika kila hatua ishirini. Baadaye nikapumzika mara mbili tu, baadaye sikupumzika. Sikuweza kuliona bonde lakini nililisikia. Pale ukingoni upepo ulipanda kutoka chini ukaingia ndani ya sketi, na majogoo waliwika chini ya miguu yangu, mbali kabisa, kama wako ndani ya ardhi. Nilisimama pale nikaona mwili wote unasisimka. Nimeishi upande huu maisha yangu yote na nilikuwa nikilitazama bonde hilo kama mtu anavyotazama ukuta wa nyumba yake.

"Unaona nini?" nilimwuliza mzee.

"Mashamba."

"Mashamba tu?"

Alifikiri kidogo. "Na mabati."

Mtu wa matrekta, ungetarajia nini.

Tuliporudi hospitali ya macho baada ya miezi miwili na nusu, nilikuwa nimepungua hadi sketi inazunguka kiunoni. Nilivaa gauni la kijani nikiwa na hakika. Nikabandikwa plasta. Sista akaja na mashine.

"Mia moja sabini kwa mia moja, shosho. Imeshuka lakini haijafika. Pole."

Hapo nilivunjika moyo. Nilimeza kila kidonge, nikapanda kila kilima, nikala kabichi ya maji, na bado. Nikamgeukia mzee wangu pale pale kwenye korido, mbele ya watu.

"Ni wewe!" nilimwambia. "Unanitilia chumvi. Ulimi wako umekushinda, sasa mkono unateleza kwenye sufuria. Unataka nife kipofu?"

Nilingoja ajitetee. Niliona tu kile kivuli kikivua kofia, kikaishika kifuani.

Msichana mmoja wa mambo ya lishe alikuwa amesikia, nadhani hospitali nzima ilikuwa imesikia. Akanishika mkono, akanikalisha ofisini kwake, na mzee akakaa kando.

"Mathe, hebu niambie vile mnapika," alisema. "Usiruke kitu. Anza na kuwasha moto."

Nilimwonea huruma kwa ujana wake, lakini nikamweleza, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha mzee na nilijua kila hatua. Githeri: unachagua mahindi na maharagwe, unaosha, unatia maji, unaweka magadi kidogo yaive haraka, unafunika...

"Ngoja hapo. Umeweka nini?"

"Magadi. Si unajua, yale mawe meupe ya sokoni. Bila hayo githeri inakula kuni."

"Na kwa managu?"

"Pia. Ndio hizo mboga zilainike na zibaki kijani."

"Kila siku?"

"Sasa githeri utaipika vipi?"

Alivuta kiti karibu. "Mathe, kile kitu ndani ya chumvi kinapandisha presha, kinaitwa sodium. Magadi imejaa hiyo hiyo. Mmefunga mlango wa mbele mkaacha wa nyuma wazi."

"Lakini magadi si ya dukani. Ni ya asili. Yanachimbwa!"

"Hata chumvi inachimbwa," alisema kwa upole.

Mama yangu alitia magadi, na mama yake, na mimi niliyesimama mbele ya darasa nikifundisha aina za vyakula niliyatia kila siku bila kuyahesabu kuwa kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu nikiamuru, "Ongeza kidogo, bado mahindi ni magumu," na mzee wangu akaongeza. Nikamwomba msamaha pale pale, mbele ya yule msichana.

"Ni sawa," alisema mzee. "Twende tununue kuni."

Magadi yaliyobaki alimpelekea ng'ombe, akaramba kwa furaha isiyojali msiba wa mtu. Tangu hapo mahindi na maharagwe yalilowekwa tangu jana yake, na mzee aliamka alfajiri kuwasha moto, akakaa nao. Mganga wa zahanati aliendelea kunipima kila wiki mbili, akaongeza dozi ya kidonge kidogo, na mashine ikaanza kutii. Mia moja hamsini na nane. Mia moja arobaini na sita. Siku ya mia moja thelathini na sita kwa themanini na nne nilimwomba arudie kunitajia, akacheka, akarudia. Nilijihisi kama mtu aliyezungumza na mto, na mto ukamsikia.

Mara ya tatu hawakunirudisha. Operesheni yenyewe ilikuwa fupi kuliko kuchemsha mayai, jicho likalala chini ya bandeji usiku mmoja. Asubuhi sista akaibandua.

Sijui nielezeje. Kwanza kulikuwa na rangi ya samawati, na ilikuwa ni ukuta tu, ukuta wa hospitali, na sijawahi kuona ukuta mzuri namna ile. Kisha kidole changu na mistari yake yote. Kisha nikageuka, na kwenye kiti alikuwa amekaa mzee mmoja mwembamba, shingo inacheza ndani ya kola, mkanda umetobolewa matundu mapya mawili kwa msumari. Nywele zake zote zilikuwa nyeupe. Nilimtazama kwa muda kabla ya kuelewa. Akakohoa.

"Unaona nini?" aliniuliza.

Nilikuwa nimepanga tangu zamani kumjibu "mabati". Badala yake nilimshika uso kwa mikono yote miwili, wagonjwa wengine wakitazama.

Nyumbani nilizunguka nikishangaa kila kitu: nyuzi za kitambaa cha meza, vumbi linaloelea kwenye mwanga wa dirisha, mchwa. Jikoni pake palikuwa safi kuliko nilivyowahi kupaweka mimi. Yeye alitoka kuchuma managu. Nikapitisha macho kwenye ile rafu iliyo karibu na meza, na hapo palikuwa na kipakiti cha chumvi.

Nilikishusha. Kilikuwa na vumbi mgongoni, na chumvi ndani ilikuwa imegandamana ikawa jiwe moja. Nikakigeuza juu na chini nikitafuta alipokifungulia. Hakikuwa kimefunguliwa. Pembe zote nne zilikuwa kama zilivyotoka dukani.

Nilikaa chini. Nilihesabu miezi, na milo, na ile korido ya hospitali, na kofia kifuani. Kisha nikakirudisha pale pale, vumbi likitazama ukuta.

Alipopakua tulikaa kama kawaida, yeye upande wake, mimi wangu. Mvuke wa githeri ulipanda kati yetu na nikauona. Nikachukua kijiko, nikangoja.

"Umeweka chumvi yako?" nilimwuliza.

"Nimeweka," alisema. Alikuwa anatazama sahani yake, alishasahau kwamba naona. Akachota kijiko cha kwanza, akakila polepole, na kipakiti kilikuwa kwenye rafu, nyuma ya bega lake.

Nikaanza kula.